Nyama ya Bandari Bubu: Nafuu ya Leo, Hasara ya Soko Zima

RIPOTI YA SOKO
Na Mwandishi Wetu

Mfugaji wa Pujini mwenye ng'ombe wanne hana hisa wala hati fungani. Benki yake imefungwa kamba chini ya mwembe. Ada ya shule ikifika, mgonjwa akihitaji kupelekwa hospitali au harusi ikikaribia, ng'ombe mmoja hutolewa akapelekwa Chake Chake, mwendo wa kilomita kama 10, na akiba ya nyumba nzima hupungua kwa robo. Kwa mtu huyo, bei ya ng'ombe ndiyo riba yake na ndiyo bima yake.

Lakini bei hiyo haipangwi Pujini. Hupangwa na nyama yote inayoingia kisiwani, ile iliyopita bandarini mchana ikiwa na vyeti, na ile iliyoshushwa usiku mahali ambapo hakuna afisa, hakuna mizani na hakuna mhuri. Hiyo ya pili ndiyo tunayoizungumzia wiki hii, kwa sababu wafanyabiashara wengi wadogo huiona kama nafuu, na wachache hukaa chini wakapiga hesabu yake mpaka mwisho.

Ukurasa huu unasema mapema: nyama ya magendo si tatizo la daktari wa mifugo peke yake. Ni tatizo la mtaji. Siku ugonjwa utakapoingia kwa mlango wa nyuma, soko litafungwa kwa wote, na wa kwanza kulipa atakuwa yule aliyefuata sheria.

MLANGO MMOJA WA MBELE, YA NYUMA HAIHESABIKI

Pemba imetenganishwa na pwani ya Bara na mkondo wa bahari wenye upana wa kilomita zipatazo 50. Upande wa pili iko Tanga, na juu kidogo kaskazini iko pwani ya Kenya mpaka Mombasa. Bandari rasmi za kisiwa zinajulikana: Mkoani kusini, Wete kaskazini, na Wesha inayohudumia Chake Chake. Ukiacha hizo, pwani ya Pemba imejaa hori, mikoko na vijifuko vya maji ambavyo mashua inaweza kuingia na kutoka bila kuonwa na mtu. Hizo ndizo zinazoitwa bandari bubu. Bandari bubu haisemi nani kaingia, kaleta nini, wala katoa wapi.

Pujini yenyewe iko upande wa mashariki, imeipa Bara mgongo. Pana magofu ya ngome ya karne ya 15, ambayo masimulizi ya wenyeji huiita ya Mkama Ndume. Mtawala yule, tunavyosimuliwa, alijua kwamba anayeshika njia ya kuingilia baharini ndiye anayeshika biashara. Somo hilo halijachakaa.

Nyama ya magendo huja kwa sura tatu. Ya kwanza ni mnyama aliye hai, aliyenunuliwa Bara na kupakiwa chomboni bila kibali cha kusafirisha mifugo wala cheti cha afya. Ya pili ni nyama mbichi, iliyochinjwa pasipojulikana, ikasafirishwa ndani ya gunia au deli la barafu katikati ya mizigo ya abiria. Ya tatu ni katoni za nyama au kuku wa kugandishwa kutoka nchi za nje, zilizopita bila karatasi, au zilizokwisha muda wake na kubandikwa tarehe mpya.

Kwa nini watu wafanye hivyo? Jibu ni lile lile la karafuu. Wafanyabiashara wa Pemba hawahitaji kufundishwa habari hii. Kwa miaka mingi karafuu ya kisiwa ilivushwa usiku kwenda Mombasa kwa sababu bei ya ng'ambo ilikuwa bora kuliko bei aliyolipwa mkulima nyumbani. Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, KMKM, kilichoundwa katika miaka ya 1970, kilifanya doria, vyombo vikakamatwa, na bado karafuu iliondoka. Hali ilibadilika sana mwaka 2011, pale Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipopandisha bei ya ununuzi na kumwahidi mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Doria ilisaidia, lakini kilichofanya kazi kubwa zaidi ni kupunguza tofauti ya bei.

Nyama nayo ina tofauti zake. Zanzibar ina watu zaidi ya milioni 1.88 kwa sensa ya mwaka 2022, Pemba peke yake zaidi ya nusu milioni, na mifugo ya visiwani haitoshi kulisha watu hao pamoja na mahoteli ya kitalii. Kwa hiyo ng'ombe na mbuzi wa Bara ni lazima waje. Aidha, Bara ilipiga marufuku kuingiza kuku na mazao yake kutoka nje tangu hofu ya mafua ya ndege ya mwaka 2006, wakati Zanzibar kuku wa kugandishwa kutoka nje wamekuwa wakiingia kwa njia halali. Pakiwa na nchi moja yenye masharti mawili, na bahari katikati, mfanyabiashara wa magendo hana haja ya kutafuta faida. Faida imemsubiri pwani.

OFISI NYINGI, FAILI HALIFUATANI

Msomaji anaweza kuuliza: serikali iko wapi? Jibu ni kwamba iko, tena iko kwa wingi. Tatizo si upungufu wa ofisi, ila ni namna ofisi hizo zinavyopeana habari.

Tuzihesabu. Mifugo na afya si mambo ya Muungano, hivyo Bara ina wizara yake ya mifugo na Sheria yake ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, na Zanzibar ina wizara yake, idara yake na sheria zake. Forodha ni ya Muungano, chini ya Mamlaka ya Mapato Tanzania. Polisi na Uhamiaji ni vya Muungano pia. KMKM ni kikosi cha Zanzibar. Chakula kinachoingia sokoni hukaguliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, na ambao mara kwa mara umetangaza kuteketeza vyakula visivyofaa. Bandarini kuna Shirika la Bandari. Kijijini kuna sheha, ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kujua kwamba jana usiku kuna mashua iliyotia nanga.

Sasa chukua katoni moja ya nyama iliyoshushwa bandari bubu. Kwa KMKM, hiyo ni magendo. Kwa forodha, ni ushuru uliokwepwa. Kwa Wakala wa Chakula, ni chakula kisichokaguliwa. Kwa daktari wa mifugo, inaweza kuwa ugonjwa. Kila ofisi inaona pembe yake ya katoni ile ile. Ikikamatwa na mwenye kutafuta ushuru, yawezekana atatoza faini na kuiachia iende zake, kwani kwake deni limelipwa. Ikikamatwa na mwenye kutafuta uchafu, ataichoma moto, na habari ya ilikotoka itaungua nayo. Yule ambaye angetaka kujua kwamba wilaya fulani ya Bara imeanza kuugua atakuja kupata habari wiki mbili baadaye, kwa redio.

Wahenga wamesema kidole kimoja hakivunji chawa. Hapa vidole viko vingi. Kinachotakiwa ni vikutane.

Tusiseme jambo hili haliwezekani, kwani limewahi kuwezekana. Katikati ya miaka ya 1990 Unguja ilikuwa na mbung'o waliosababisha nagana kwa ng'ombe. Mbung'o madume waliohasiwa kwa mionzi walizalishwa katika taasisi ya utafiti ya Tanga, wakavushwa bahari na kuachiwa kutoka angani juu ya Unguja, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa mwaka 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa huru. Tanga ilifuga, Unguja ikapokea, na faida ikabaki kwa mfugaji. Hali kadhalika sotoka ya ng'ombe, iliyowahi kumaliza makundi ya Afrika Mashariki, ilitangazwa kufutika duniani kote mwaka 2011. Haikufutwa na nchi moja iliyofunga mlango wake vizuri. Ilifutwa kwa chanjo, kwa taarifa na kwa nchi jirani kuambiana ukweli.

UGONJWA HAUNA HAJA YA MNYAMA HAI

Wafanyabiashara wengi wanajua hatari ya kununua mnyama mgonjwa. Wachache wanajua kwamba ugonjwa unaweza kusafiri hata baada ya mnyama kuchinjwa.

Virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo hufa katika mnofu ambao umeachwa ukapoa na kupata uchachu wake wa kawaida baada ya kuchinja. Lakini ndani ya uboho wa mfupa na katika matezi, virusi hivyo hubaki hai muda mrefu, hasa nyama ikigandishwa. Virusi vya mdondo wa kuku hudumu miezi katika kuku aliyegandishwa. Vimelea vya kimeta hujenga ganda gumu na kukaa ardhini miaka mingi. Homa ya Bonde la Ufa ina hatari zaidi kwa yule anayechinja na kushika damu kuliko kwa mlaji wa nyama iliyopikwa vizuri, na ndiyo sababu machinjio ya kificho, yasiyo na mkaguzi, ni hatari kwa mchinjaji mwenyewe kwanza.

Njia ya kurudi kwa mifugo ni fupi. Mifupa hutupwa jaani, mbwa huichukua, maji ya kuoshea kuku humwagwa uani ambako kuku wa kienyeji wanadonoa. Katika kijiji kama Pujini, jiko na zizi ni jirani.

Kisiwa kina bahati moja ambayo wilaya za Bara hazina: bahari. Ugonjwa hauvuki bahari kwa miguu yake. Lazima mtu aubebe. Kwa hiyo kinga ya kisiwa ni nafuu kuliko kinga ya nchi kavu, mradi milango ilindwe. Lakini bahati hiyo ina upande wa pili. Mifugo ambayo haijawahi kukutana na ugonjwa fulani haina kinga nao, na ukiingia huenda haraka.

HASARA ZILIZOKWISHA KUANDIKWA

Msomaji asidhani tunatisha watu kwa mambo ya kufikirika. Hesabu zipo, na zimelipwa na wengine.

Mwishoni mwa mwaka 2006 homa ya Bonde la Ufa ililipuka kaskazini mashariki mwa Kenya baada ya mvua kubwa. Soko la mifugo la Garissa likafungwa, uchinjaji ukapigwa marufuku katika maeneo yaliyoathirika. Mapema mwaka 2007 ugonjwa ukafika Tanzania, na zaidi ya watu 100 walifariki nchini humu. Hata mahali ambapo hapakuwa na mgonjwa, walaji waliikimbia nyama wakageukia samaki na kuku. Mabucha yaliyokuwa na nyama safi, yenye mhuri, yalikaa na nyama yake. Mteja akiogopa haulizi mhuri. Anapita upande wa pili wa barabara.

Kabla ya hapo, Septemba 2000, homa hiyo hiyo ilizuka Saudi Arabia na Yemen, mara ya kwanza kuonekana nje ya Afrika. Saudi Arabia ikafunga mlango kwa mifugo ya Pembe ya Afrika. Bandari ya Berbera, iliyokuwa ikiishi kwa kupakia mbuzi, kondoo na ngamia kwenda Jeddah, ilipoteza mteja wake mkubwa. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2009. Miaka tisa! Na angalia kilichofungua mlango: pamoja na mengine, ni kujengwa kwa vituo vya karantini Berbera kwa mtaji wa watu binafsi, ambako mifugo hukaa, hupimwa na kupewa cheti kabla ya kupakiwa. Karantini, ambayo wafanyabiashara wengi wa kwetu huiona kama adhabu, kule iligeuka kuwa biashara.

Mwishoni mwa mwaka 2017, mpakani Namanga, serikali ya Tanzania iliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kinyume cha sheria, ikitaja hofu ya mafua ya ndege. Wako waliolalamika kwamba hatua ile ilikuwa ya kikatili, na Kenya haikufurahi. Lakini kwa upande wa biashara, ukweli ni mmoja: mwenye vifaranga alipoteza mtaji wote kwa siku moja, na hakuna bima inayolipa mzigo wa magendo.

Hata mataifa tajiri hayakusalimika. Mwaka 2001 Uingereza ilivamiwa na ugonjwa wa miguu na midomo. Wachunguzi waliufuatilia mpaka shamba moja la nguruwe waliolishwa makombo yasiyopikwa ipasavyo, na ikaaminika kuwa ndani ya makombo hayo mlikuwa na nyama iliyoingizwa kwa magendo. Wanyama zaidi ya milioni 6 walichinjwa, na hasara kwa serikali na sekta binafsi ilikadiriwa kuwa pauni bilioni 8. Mahoteli ya vijijini, ambayo hayakuwa na ng'ombe hata mmoja, yaliumia kwa sababu watalii waliambiwa wasitembee mashambani. Wenye hoteli za Zanzibar wasome mstari huo mara mbili.

Tena, pamoja na somo hilo, Uingereza bado inahangaika. Aprili 2025, baada ya ugonjwa huo kuzuka Ujerumani, Hungaria na Slovakia, ilipiga marufuku abiria kutoka Umoja wa Ulaya kuingia na nyama na maziwa. Septemba mwaka huo kamati ya Bunge lao ikaeleza kwamba marufuku hiyo haina meno. Moja ya malalamiko ni hili: ukaguzi wa mizigo inayopitia bandari ya Dover ulihamishiwa Sevington, kilomita kama 35 ndani ya nchi, na dereva huachiwa aende huko mwenyewe. Wizara ilivutana na mamlaka ya bandari juu ya nani alipe nini, na nyama ikaendelea kuingia. Ikiwa nchi yenye fedha na kompyuta inaweza kukwama kwa sababu ofisi mbili hazikuelewana, sisi tusijidanganye kwamba kununua boti moja zaidi ya doria kutamaliza kazi.

HESABU YA MFANO

Sasa tuje kwenye shilingi. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, kila mfanyabiashara aweke zake. Lengo ni kuona mwelekeo.

Tuseme mtu ananunua ng'ombe 10 mnadani Bara kwa shilingi milioni 1 kila mmoja, jumla milioni 10. Akifuata njia halali, gharama za usafiri, vibali, ukaguzi na malisho ya siku za kusubiri zinafika milioni 2. Mtaji ni milioni 12. Akiuza kwa jumla ya milioni 13.5, faida ni milioni 1.5.

Mwenzake anapita bandari bubu. Usafiri na mengineyo ni milioni 1 tu, mtaji wake ni milioni 11. Kwa kuwa hana karatasi, hawezi kuuza mahali pa wazi kwa bei kamili, hivyo anauza kwa milioni 12.8. Faida yake ni milioni 1.8, na kila ng'ombe ameuzwa kwa shilingi 70,000 chini ya bei ya mwenzake mwaminifu. Mwenye bucha anakimbilia huko. Mwaminifu anabaki na ng'ombe wanaokula majani ya kununua.

Kwa safari moja, magendo imeshinda kwa shilingi 300,000. Lakini biashara si safari moja. Tuseme katika safari 10, moja inakamatwa na mzigo wote unapotea. Safari 9 zimeleta milioni 16.2, ya kumi imekula milioni 11. Kilichobaki ni milioni 5.2. Yule wa halali, kwa safari 10, ana milioni 15.

Wapo watakaosema kukamatwa mara moja katika 10 ni nyingi mno. Haya, tufanye mara moja katika 40. Safari 39 zinaleta milioni 70.2, toa milioni 11, inabaki milioni 59.2. Wa halali ana milioni 60. Bado magendo imeshindwa, na hatujaweka faini, kifungo, wala chombo kutaifishwa. Kwa bei hizi za mfano, mtu wa magendo anaanza kumpita mwenzake pale tu atakapokamatwa mara moja katika safari 43 au zaidi.

Hesabu hiyo inafundisha mambo mawili. Kwanza, serikali haihitaji kukamata kila mashua. Inahitaji kukamata kiasi cha kutosha kuvunja hesabu, na kupunguza ule mwanya wa milioni 1 kati ya njia halali na ya panya. Pili, sehemu ya mwanya huo si ada za serikali ila ni muda. Kila siku ambayo ng'ombe anasubiri mkaguzi ambaye hajafika, au hati ambayo lazima ipigwe mhuri ofisi tatu, ni fedha inayotoka mfukoni kwa mwaminifu. Ucheleweshaji wa ofisini ni ruzuku kwa magendo.

Na mfugaji wetu wa Pujini? Yeye hakuvuka bahari. Hata hivyo ng'ombe wake sasa anashindana na yule aliyeshushwa usiku, na bei inashuka. Huo ndio msiba mdogo. Msiba mkubwa ni siku itakapotangazwa karantini. Ng'ombe wanne wapo, wazima, wanakula, wala hakuna ruhusa ya kuwauza wala kuwahamisha. Ada ya shule haijui karantini.

SERIKALI IFANYE NINI

Ukurasa huu si wa siasa, ila soko lina haki ya kudai. Tunaona mambo manne ambayo hayahitaji jengo jipya.

La kwanza ni karatasi moja inayofuatana na mnyama kutoka mnadani Bara mpaka kwenye ndoano ya bucha Chake Chake, inayotambuliwa na pande zote mbili za Muungano, yenye namba moja ambayo daktari wa mifugo wa Tanga na yule wa Mkoani wanaweza kuiona siku hiyo hiyo.

La pili ni taarifa. Wilaya ya Bara ikifungwa kwa ugonjwa, Pemba ijue kabla chombo hakijang'oa nanga. Tangu mwaka 2018 Ofisi ya Waziri Mkuu imekuwa na dawati la Afya Moja, linalokutanisha watu wa afya, mifugo na wanyamapori, na Zanzibar ilifanyiwa tathmini yake ya utayari wa dharura za kiafya mwaka 2017, peke yake, kando na Bara. Mifupa ya ushirikiano ipo. Nyama yake ni simu inayopokewa usiku.

La tatu ni kwamba ukaguzi ufanyike pale pale bandarini, kwa saa zinazojulikana, zinazolingana na ratiba za vyombo. Mkaguzi anayefuata mzigo mjini tayari ameshachelewa.

La nne ni masheha na wavuvi. Hao ndio macho ya pwani. Wapewe namba moja ya kupiga, si namba sita za ofisi sita, na anayetoa habari asitajwe jina. Karibu na siku za Idi, mahitaji ya nyama yanapopanda, namba hiyo iwe na mtu.

MFANYABIASHARA NAYE AFANYE NINI

Tusiisubiri serikali peke yake. Mwenye bucha au mkahawa aulize karatasi kila mara, hata kwa muuzaji anayemfahamu, na aweke nakala. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ugonjwa ukizuka, mwenye kumbukumbu ya alikonunua ndiye atakayefunguliwa kwanza.

Nyama ikiwa na bei ya chini sana kuliko soko, ujue kuna gharama ambayo hujaonyeshwa. Katoni iliyoyeyuka na kuganda tena huonyesha barafu nyingi ndani ya mfuko na kingo zilizolainika. Tarehe iliyobandikwa juu ya nyingine haihitaji mtaalamu kuitambua.

Wenye mtaji mdogo wanaotafuta pa kuwekeza watazame mnyororo huu halali. Zizi la kusubiria lenye maji na malisho karibu na bandari, gari dogo lenye baridi, chumba cha baridi cha kukodisha kwa wenye mabucha kadhaa kwa pamoja: hayo ni mahitaji ya kweli, na soko la mahoteli linalipa zaidi kwa nyama yenye historia inayojulikana. Watu watano wakiungana wanaweza kuanza na kimoja. Wafugaji wa vijiji kama Pujini nao wana bidhaa ambayo mtu wa magendo hawezi kuwa nayo: ng'ombe aliyezaliwa kisiwani, anayejulikana mama yake, ambaye daktari wa mifugo wa wilaya anaweza kumwandikia cheti bila kukisia. Wakiuza kwa pamoja kama kikundi, wenye orodha na alama za mifugo yao, wanaweza kudai bei ya ziada badala ya kufuata bei ya usiku.

Kwa ufupi, ndugu msomaji, anayenunua nyama ya bandari bubu anakopa kutoka kwenye zizi la mwenziwe, na deni hilo halina tarehe ya kulipwa mpaka ugonjwa uje kulidai. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa karantini hujengwa kwa gharama ya kila mwenye ng'ombe, akiwamo yule wa Pujini mwenye wanne tu.